Mtaa Alioupenda Mdogo Wake

Kwa miaka thelathini na mmoja alichora mitaa ya mji ule kabla haijawa mitaa. Wapimaji walirudi kutoka porini na vumbi hadi kwenye nyusi, wakamwekea madaftari yao mezani, naye akainama juu ya karatasi na kutoa barabara, viwanja na nafasi ya shule mahali ambapo siku hiyo palikuwa na majani na mbuzi tu. Ofisini walimwita Mama Rula. Hakuwa mama wa mtu, lakini rula ya chuma aliyoanzia kazi aliitunza kama mwana, na jina likamkaa.

Alipoanza, mji ulikuwa na barabara moja, soko na hospitali. Kikaja kiwanda, kikafuata chuo, ikafuata barabara ya mzunguko, na watu wakaanza kumiminika. Muda wote huo yeye aliishi katika nyumba ya watumishi nyuma ya ofisi ya ardhi, nyumba ambayo hakuichagua wala hakuwahi kujiuliza kama anaipenda. Barua ya kustaafu ilipokuja, aya ya pili ilimtaka arudishe funguo ndani ya miezi sita.

Hakutishika, maana mpango ulikuwapo, na ulikuwa mpango wa watu wawili. Mdogo wake, ambaye tangu utotoni aliitwa Kidoti kwa ajili ya doa jeusi alilokuwa nalo shavuni, alikuwa mjane kwa miaka kumi na moja, na mwanawe wa pekee alifanya kazi ng'ambo. Kidoti alishona sare za shule katika chumba cha kupanga kando ya kituo cha mabasi. Mwaka ule alipofiwa na mumewe alimwambia, "Dada, tukizeeka tukae pamoja. Wewe utanyamaza, mimi nitasema, nyumba itakuwa sawa." Tangu hapo waliweka akiba, kila mmoja kwa uwezo wake, na walipokutana Jumapili waliizungumzia nyumba hiyo kama watu wanavyomzungumzia ndugu aliye njiani.

Dalali waliyempata alikuwa mwanamume mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa hata wakati wa tope. Watu walimwita Twende-Tukaone, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Ukimwuliza kama maji yanatoka, twende tukaone. Ukimwuliza kama paa linavuja, twende tukaone.

Nyumba ya kwanza ilikuwa katika mtaa mpya, kando ya barabara ya mzunguko. Ilikuwa na sakafu ya vigae na geti jekundu, na rangi ya ukutani bado ilinuka. Kidoti alizunguka vyumbani akigongagonga kuta kwa vidole. Mama Rula hakuingia ndani. Alisimama uani, akatazama nguzo ya umeme, akatazama mtaro, kisha akaenda katikati ya barabara na kurudi akihesabu hatua mpaka kwenye kizingiti.

"Sebule hii ni ya barabara," alisema.

"Ya barabara vipi, Dada?" aliuliza Kidoti kutoka ndani.

"Barabara hii imetengewa mita thelathini kila upande. Huo mstari niliuchora mimi. Siku wakija kuipanua, tingatinga litakaa hapa kwenye kochi."

Kidoti alicheka mpaka akaegemea ukuta. Dalali aliinama akapangusa kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. "Mchagua jembe si mkulima, mama," alisema kwa upole.

"Na nyumba njema si mlango," alijibu Mama Rula. "Twende tukaone nyingine."

Ya pili ilikuwa mlimani. Huko kulikaa watu wa zamani, mahakimu wastaafu na madaktari, nyuma ya michongoma iliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, mwisho wa njia, na baraza yake ilitazama chini kwenye mji. Mama Rula alisimama pale. Aliuona mji mzima kwa mara moja, kona kwa kona, jinsi alivyouchora kipande kwa kipande kwa maisha yake yote. Upepo ulipita kwenye majani, na baada ya upepo hapakuwa na kitu.

"Hapa mtu anaweza kuyasikia mawazo yake," alisema.

"Ndicho ninachokiogopa," alisema Kidoti. "Dada, hapa hata mbwa wanabweka kwa adabu. Nikianguka bafuni, nani atajua? Na wateja wangu waupande mlima wote huu kufuata kifungo?"

Mama Rula hakubisha. Aligeuka mara moja tu walipokuwa wakiteremka.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya soko. Ilibanwa kati ya mashine ya kusaga nafaka upande mmoja na kibanda cha fundi baiskeli upande wa pili. Mashine ilinguruma, redio mbili zilibishana, mtu alikuwa akipigilia bati mahali pasipoonekana. Rangi ya kuta ilikuwa imechuja. Lakini chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana kuliko mlango, na mwanga uliingia humo bila kuomba ruhusa. Kidoti alisimama katikati akanyoosha mikono.

"Cherehani hapa. Meza ya kukatia pale. Kitanda changu nitakisukumia pembeni, mimi sina makuu."

Dirishani alitokea mama mmoja mnene mwenye unga hadi kwenye kope. Ndiye aliyekuwa mwenye mashine.

"Mmekuja kununua au mmekuja kuangalia tu?" aliuliza.

"Ukitukaribisha vizuri tutanunua," alijibu Kidoti.

"Basi karibuni. Ila mashine yangu haijui Jumapili."

"Na mdomo wangu pia haujui."

Dakika tano baadaye walikuwa wameshaelezana magonjwa ya magoti. Mama Rula alibaki ukumbini, kichwa kikianza kumgonga. Aliukagua mpaka wa kiwanja, akakagua mtaro, akatazama kama maji ya mvua yana pa kupita. Alitafuta kasoro kwa bidii akaikosa.

"Chukua," alimwambia Kidoti walipotoka. "Mimi nitaziba masikio."

Dalali aliambiwa aandae hati. Zilibaki wiki tatu kabla ya kutia saini.

Katika wiki ya pili Mama Rula alikwenda kwa mdogo wake na vipimo vya mapazia. Kwenye msumari wa ukutani, kati ya sare za watoto, ilining'inia suruali ya kiume, ndefu. Kidoti alikuwa amebana pini midomoni.

"Suruali hii ni ya nani? Wewe hushonei wanaume."

Kidoti alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kimto chake, kama mtu anayenunua muda.

"Kuna mzee mmoja, alikuwa dereva wa treni, amestaafu. Alikuja mjini kumwangalia dada yake mgonjwa. Akaleta suruali nimpunguzie. Wiki iliyofuata akaleta nyingine. Ya tatu nilipoipima nikaona haina cha kupunguza, mwenyewe ni mrefu kama ngazi. Nikamwuliza, baba, unataka nini hasa?"

"Akasema?"

"Akasema anataka mtu wa kuzungumza naye."

Mama Rula alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Ameniposa, Dada," alisema Kidoti. "Kwake ni mbali, siku nzima kwa basi. Nilitaka kukuambia kila Jumapili, na kila Jumapili ulikuja na jambo la nyumba."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia nitamwuliza dada yangu."

Mama Rula alielewa kwamba neno moja lake lingetosha. Kidoti hakuwa akitimiza desturi kwa mdomo tu. Angeambiwa abaki, angebaki, angeshona kwenye lile dirisha na kucheka na mama wa mashine, na jambo hilo asingelitaja tena mpaka kufa. Alimtazama usoni. Lile doa lilikuwa limepanda juu kidogo, limesukumwa na tabasamu ambalo mwenyewe alikuwa akijitahidi kulificha. Hakuwa amemwona hivyo tangu walipomzika mumewe.

"Ni mtu mwema?" aliuliza.

"Anasikiliza. Hata ninaporudia."

"Basi huyo usimwache. Wengine tunasikiliza mara moja tu."

Walicheka, kisha Kidoti akalia, akajifuta kwa kipande cha sare.

"Na nyumba je?"

"Nyumba ni matofali. Haikimbii."

Aliporudi kwake aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akavipanga, akavitoa, akaviosha tena. Mapazia hakuyapeleka kwa fundi mwingine. Kidoti alimsihi mchango wake ubaki kwenye nyumba, naye akakataa. Malipo yake ya kustaafu yangetosha kwa mtu mmoja. Lililomsumbua lilikuwa jingine. Miaka kumi na moja alikuwa akichagua pamoja na mtu, hata pale alipokubali tu. Sasa hapakuwa na wa kumwambia "chukua", wala wa kumwuliza "hapa vipi?"

Twende-Tukaone alikuja ofisini kwake akiwa ameshasikia. Habari za mji mdogo hazihitaji posta.

"Mama, mwenye nyumba ya sokoni anasubiri. Lakini kama sasa uko peke yako, ile ya mlimani bado ipo. Nilikuona ulivyogeuka siku ile."

"Nipe siku chache," alisema. "Na funguo za mlimani."

Alipanda Alhamisi baada ya kazi za mchana, na kiti cha kukunja na chupa ya chai. Akakaa barazani. Saa ya kwanza alikuwa na raha aliyokuwa akiingoja kwa miaka mingi. Hakuna aliyemwita, simu haikulia, jua lilikuwa laini juu ya mapaa. Gari moja lilipita, geti likafunguka, geti likafungwa. Hakuona uso wa mtu. Chini kabisa, kwenye barabara ya kwenda kiwandani, lori lilidondosha magunia, na watu wakaonekana wakikimbilia kutoka pande zote, wadogo kama sisimizi, kila mmoja akikokota lake kurudisha au kuondoka nalo.

"Watazame wale," alisema kwa sauti, akageukia kushoto.

Kushoto palikuwa na ukuta. Sauti yake ilikaa hewani kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Alisimama, akaingia ndani, akapita chumba hadi chumba, na hatua zake zikamrudia kutoka kwenye kila kona. Utulivu alioupenda maisha yote, sasa aliona, ulikuwa ule wa kufunga mlango kwa saa moja huku upande wa pili mtu akiimba vibaya juu ya cherehani. Aliuonja kila Jumapili, akadhani ni wake mwenyewe.

Aliteremka kwa miguu. Jumatatu alimpigia dalali akamwambia atanunua ile ya nyuma ya soko.

"Una hakika, mama?" aliuliza Twende-Tukaone, na hilo lilikuwa swali la kwanza kulisikia kutoka kinywani mwake.

Hakika hakuwa nayo. Alichagua mtaa ule kama mtu anavyovaa kiatu kinachobana kidogo kwa sababu kingine ni kwenda peku.

Harusi ilikuwa ndogo. Dereva wa treni alikuwa mpole, mrefu kweli, mwenye kukunja shingo kila alipopita mlangoni. Siku ya safari Mama Rula alilibeba cherehani la mdogo wake mpaka kwenye basi, akakataa kusaidiwa. Kidoti alimshika mkono kupitia dirishani akasema maneno mengi, na injini ikayameza karibu yote. Wiki iyo hiyo Mama Rula alihama.

Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba mtaa ulikuwa ukimngoja mtu mwingine.

"Yule mwenzako mchangamfu yuko wapi?" aliuliza mama wa mashine asubuhi ya kwanza.

"Ameolewa."

"Kumbe. Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyebaki."

Alikusudia iwe mzaha, lakini ilianguka chini kama jiwe. Mama wa mashine aliitikia kwa kichwa akarudi kazini. Fundi baiskeli aliuliza vilevile. Muuza mboga aliuliza. Kidoti alikuwa amekaa pale kwa nusu saa tu, na katika nusu saa hiyo alikuwa ameshaukalia mtaa mzima. Mama Rula aliwajibu wote kwa adabu, na baada ya kuwajibu hakuwa na la kuongeza, nao hawakuwa na la kuuliza. Alijiona kama mtu aliyekuja shereheni kwa mwaliko wa mwingine. Watu walimsogezea kiti, wakaendelea na mazungumzo yao.

Alikaa nyumbani sasa, kazi imekwisha, isipokuwa michoro michache aliyoletewa na wapimaji wa kujitegemea. Kelele zilianza alfajiri. Alijifunza mashine inavyokohoa kabla ya kushika, na jinsi redio ya fundi baiskeli inavyokataa stesheni moja na kung'ang'ania nyingine. Upweke wa mlimani angalau ungekuwa na heshima zake, aliwaza. Huu ulikuwa na redio. Siku nyingine ilipita tangu chai ya asubuhi mpaka jioni bila yeye kusema neno, na watu mia wakiwa wamepita dirishani.

Chumba cha mbele hakukigusa. Aliweka kitanda na godoro, basi. Kila asubuhi alikifagia, akafungua lile dirisha pana, jioni akalifunga. Meza yake kubwa ya kuchorea ilisimama ukumbini, na alipita ubavu ubavu kila alipokwenda jikoni.

Mwezi wa nne tangu ahamie, Kidoti alikuja na mumewe. Alikuwa amenenepa kidogo na amenawiri. Aliingia, akafungua dirisha, akaita, na mama wa mashine akaacha foleni ya wateja akaja mbio na unga wake. Fundi baiskeli alikuja kusalimia. Mwalimu anayeishi nyuma ya mashine, ambaye Mama Rula hakuwahi kumsikia akisema zaidi ya "shikamoo", alisimama akacheka. Dereva wa treni alikaa uani, akaona bawaba ya mlango wa nyuma imelegea, akaitengeneza bila kuambiwa.

"Mgeni siku mbili," alisema Kidoti jioni ya pili, akifungasha.

"Jembe ninalo," alisema Mama Rula. "Kaa."

Kidoti alimkumbatia. Lakini tiketi zilikuwa zimekatwa.

Walipoondoka, aliingia chumbani kufagia. Mashuka yalikuwa yamekunjwa mraba, kona juu ya kona, yamewekwa miguuni pa kitanda, na mto juu yake. Utotoni walilala kitanda kimoja kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa Kidoti hakukunja shuka hata siku moja. Alikuwa akiruka kitandani na kuliacha limejiviringa kama chatu, mama yao akagomba mpaka akachoka. Na sasa alikuwa amelikunja. Mama Rula alikaa kando ya mashuka yale. Hapo ndipo alipolia. Siku ya harusi hakulia, wala siku ya kuhama.

Siku kadhaa baadaye alijaribu kuisukuma meza yake kutoka ukumbini kuiingiza chumba cha mbele. Ilikwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, naye akawa upande wa ndani, hawezi kutoka. Alijaribu kuinua, akajaribu kuvuta. Mama wa mashine alimwona dirishani. Alizunguka, akaingia kwa mlango wa mbele na mikono yake myeupe, akashika upande wa pili, akauinamisha, na meza ikapita.

"Meza kubwa hivi ya nini?"

"Ya kuchorea."

"Unachora nini?"

"Viwanja. Mipaka."

Mama wa mashine alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu. "Mipaka," alirudia. "Mimi na mwalimu wa huko nyuma hatuzungumzi mwaka wa tatu huu. Anasema ukuta wangu umemlia kiwanja."

Jumamosi Mama Rula alitoka na futi ya kupimia na nakala ya mchoro. Mama wa mashine alishika ncha moja na mwalimu ncha nyingine, bila kutazamana. Jiwe la mpaka lilikuwa chini ya rundo la magunia yaliyooza, na Mama Rula alipiga magoti akalifukua kwa mikono yake. Ukuta ulisimama palepale ulipotakiwa kusimama. Hakuna aliyekuwa amemlia mwenzake hata unyayo mmoja. Wale wawili walibaki wameshika futi, wakionekana kama watu waliopotelewa na kitu. Mwishowe mwalimu alisema asante, akaingia kwake.

Hawakuwa marafiki kwa sababu hiyo, na Mama Rula pia hakugeuka kuwa mtu wa watu. Ila tangu hapo, mchana mashine inapozimwa ipoe, mama wa mashine huja mara nyingine akakaa kwenye kiti cha dirishani. Kwa kawaida huwa amechoka, hana la kusema. Mama Rula huchora. Kuna siku haji, na siku hizo Mama Rula hujikuta akitazama nje mara mbili au tatu.

Jumapili moja Kidoti alipiga simu kama kawaida. Alisimulia habari za huko, bustani, miguu ya mumewe, jirani mwenye bata. Alipomaliza, Mama Rula alisema, "Nimeingiza meza yangu chumbani kwako."

"Lile dirisha lina mwanga mzuri," alisema Kidoti.

"Linao."

"Umeshazoea, Dada?"

Mama Rula alifikiri, kwa kuwa alitaka kumjibu kweli.

"Bado. Lakini sasa najua redio ipi ni ya nani."

Kidoti alicheka. Kisha hakuna aliyesema kitu, na hakuna aliyekata simu. Kwa mbali, upande wa pili, Mama Rula alisikia mlango ukifunguliwa na dereva wa treni akiuliza kama chai iko tayari. Alibaki na simu sikioni, mdogo wake akipumua upande wa huko, mpaka hapo jirani mashine ilipokohoa, ikashika, na asiweze kusikia tena.